Mwendo wa Mtu wa Mwisho

Baiskeli haipendi mwendo wa mtu aliyechoka. Iachie kwenye mteremko, itanyooka yenyewe hata ukiondoa mikono kwenye usukani. Ilazimishe kwenda taratibu, itaanza kuyumba: gurudumu la mbele linatafuta kushoto, linatafuta kulia, na wewe uliye juu unabaki kushindana na chuma badala ya kutazama njia. Mwaka 2007 watafiti wanne wa Uingereza, Marekani na Uholanzi walichapisha hesabu ndefu kuhusu jambo hili. Baiskeli yao ya kwenye karatasi, isiyo na mtu wa kushika usukani, iliweza kujisimamia ikiwa inakwenda kati ya mita 4.3 na mita 6 kwa sekunde, yaani kilomita 15 na ushei hadi karibu 22 kwa saa. Ikipungua hapo, inaanguka.

Nikaiweka hesabu hiyo kando ya nyingine. Tarehe 12 Oktoba 2019, jijini Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Huo ni mwendo wa kilomita 21 na kidogo kwa saa, ndani kabisa ya mipaka ambayo baiskeli inajisimamia. Anayepanda baiskeli pembeni ya mtu kama huyo anaweza kupiga mluzi. Sasa mchukue karani wa miaka hamsini na kitu, aliyejiandikisha mbio za hisani kwa sababu ofisini walichangishana wakamchagua, naye yuko kilomita ya 30, jua limeshapanda, anakimbia hatua chache na kutembea nyingi. Huyo anakwenda kilomita sita kwa saa, pengine tano. Pembeni yake ndipo baiskeli inapokuwa mnyama mkaidi.

Kwa hiyo kazi ya kujitolea ya kuwasindikiza wakimbiaji kwa baiskeli inazidi kuwa ngumu kadiri unavyorudi nyuma ya msafara, na hakuna anayekuambia hivyo siku unapojiandikisha. Vijana wote wanagombea kwenda mbele.

Mimi ni mtu wa Nakapanya, wilaya ya Tunduru, kwenye barabara kuu itokayo Songea kuelekea Masasi na Mtwara. Kwetu baiskeli ilikuwa chombo cha kazi kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, magunia yalitoka mashambani juu ya keria, yamefungwa kwa mipira iliyokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu, yakipelekwa kwenye ghala la chama cha msingi. Mwenye baiskeli mara nyingi hakupanda. Aliikokota, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye gunia, akisukuma kwa bega penye mchanga. Kabla ya lami kufika katika miaka ya 2010 mchanga ulikuwa mwingi. Mgonjwa aliyezidiwa usiku alikwenda zahanati akiwa ameketi juu ya keria, ndugu mmoja akiendesha na mwingine akikimbia nyuma kumshika asidondoke. Tazama mpangilio huo vizuri: anayekimbia ndiye msaidizi, na aliye juu ya baiskeli ndiye anayesaidiwa. Mbio za marathoni zimeugeuza.

Tulijifunza tukiwa wadogo kuliko vyombo vyenyewe. Mguu ulipitishwa ndani ya fremu, chini ya bomba la juu, mwili umepinda upande mmoja na baiskeli imelala upande wa pili, tukazunguka hivyo uwanja wa shule mpaka miguu ilipofikia pedali kihalali. Zilikuwa Phoenix nyingi, na kwa wazee Swala, zile zilizotengenezwa Dar es Salaam wakati nchi ilipotaka kujitengenezea kila kitu. Siku za sikukuu kulikuwa na shindano la kwenda polepole: mnapanga mstari, mnaanza pamoja, na anayefika mwisho bila kuweka mguu chini ndiye mshindi. Watu walicheka sana kwenye mchezo ule kwa sababu ulionekana wa kipuuzi. Nimekuja kuona kwamba ndio mchezo pekee wa utotoni ulionifundisha kazi niliyokuja kuifanya nikiwa mtu mzima.

Mbio tulizozifahamu zilikuwa za Mwenge. Mwenge uliwashwa kwa mara ya kwanza juu ya Kilimanjaro usiku wa Uhuru, Desemba 1961, na mbio zake za nchi nzima zilianza mwaka 1964. Ulipopita kijijini watoto tulikimbia kando ya magari, na wenye baiskeli walifuata mpaka pumzi zilipowaishia. Hakuna aliyeshinda, wala hakuna aliyepimiwa muda. Ukiondoa hizo, mtu mzima aliyekimbia barabarani Nakapanya aliulizwa kuna msiba wapi.

Hali imebadilika haraka. Kila mkoa sasa una marathoni yake, na nyingine zina majina ya benki, ya hifadhi, ya mazao, ya viongozi waliotangulia. Moshi ina Kilimanjaro Marathon tangu mwaka 2003. Songea ina tamasha la Majimaji Selebuka, ambalo tangu mwaka 2015 limeweka riadha, mbio za baiskeli, ngoma na midahalo ndani ya juma moja, katika mji unaokumbuka mashujaa wa Vita vya Majimaji walionyongwa hapo Februari 1906. Na kila penye mbio, mwandaaji huuliza swali lilelile: tuna pikipiki ngapi, tuna baiskeli ngapi?

Pikipiki zinapendwa kwa sababu zinafika. Lakini jaribu kukimbia kilomita ishirini nyuma ya bodaboda. Unavuta moshi wake, unasikia injini yake ikiunguruma na kukohoa kwa sababu nayo haikuundwa kwa mwendo wa miguu, na dereva, akichoka kusubiri, anakwenda mbele mita mia mbili kisha anageuka kukutazama kwa jicho la "unakuja au huji". Ni kichekesho kidogo cha historia kwamba jina lenyewe la bodaboda lilianza na baiskeli, pale mpakani Busia, zilipobeba watu kutoka kituo cha Kenya hadi cha Uganda. Pikipiki imechukua jina, imechukua abiria, imechukua magunia ya korosho. Kumsindikiza mkimbiaji ni moja ya kazi chache ambazo baiskeli bado inazifanya vizuri kuliko mrithi wake.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Unapewa fulana, kijikaratasi chenye namba za simu za waandaaji na za gari la wagonjwa, na kipande cha barabara au kundi la watu. Unabeba maji, chumvi na sukari, bandeji, pampu, tyubu ya akiba. Wa mbele kabisa hufungua njia na kuwaonyesha watazamaji nani anaongoza. Mara nyingi kuna mwingine kwa ajili ya mwanamke anayeongoza, maana asipokuwa na mtu anapotea katikati ya wanaume na hakuna anayempigia makofi anayostahili. Wa katikati huzunguka. Wa nyuma kabisa hukaa na mtu wa mwisho, yeyote atakayekuwa, mpaka avuke mstari au akubali kupanda gari.

Ugawaji hufanyika hivi: wenye baiskeli za gia na kofia ngumu hupelekwa mbele, wenye Phoenix hupelekwa nyuma. Nilipofika Songea kutoka Tunduru na baiskeli yangu nyeusi yenye keria ya kubebea gunia, sikuulizwa nataka kukaa wapi. Asubuhi ya Julai pale Songea ina baridi ambayo sisi wa bondeni hatuijui; milima ya Matogoro, unakoanzia Mto Ruvuma, ilikuwa imefunikwa na ukungu, na mimi nilikuwa nimevaa fulana ya bure peke yake. Wenzangu wa mbele walikuwa na glavu.

Kabla ya kuendelea na habari za nyuma, niseme kitu kuhusu msaada wenyewe, kwa sababu una historia mbaya kuliko inavyodhaniwa.

Baiskeli imekuwapo kwenye marathoni tangu siku ya kwanza. Olimpiki ya Athens ya mwaka 1896, Mwaustralia Edwin Flack, aliyekwisha kushinda mita 800 na 1,500, alijitupa kwenye mbio ndefu kuliko zote alizowahi kukimbia, na Mwingereza mmoja akamfuata kwa baiskeli. Zikiwa zimesalia kilomita chache Flack alichanganyikiwa kwa uchovu. Mgiriki aliyemshika ili asianguke aliambulia ngumi. Hapo ni pa kucheka. Saint Louis mwaka 1904 si pa kucheka. Siku ilikuwa ya joto kali na barabara ya vumbi, na maji yaliwekwa machache kwa makusudi, kwa sababu kulikuwa na waheshimiwa walioamini kwamba kiu ni jambo la kuchunguzwa. Thomas Hicks aliomba maji, wasaidizi wake wakamnyima. Walichompa ni striknini, sumu ambayo enzi hizo ilidhaniwa inaamsha misuli, ikiwa imechanganywa na ute wa yai, na baadaye brandi. Alifika akiwa anaona vitu visivyokuwepo, na akapewa dhahabu. Miaka minne baadaye, London, Muitalia Dorando Pietri aliingia uwanjani akiongoza, akaanguka, akainuliwa, akaanguka tena, mpaka waamuzi wakamvusha mstari kwa mikono yao. Akanyang'anywa ushindi kwa sababu ya mikono hiyo.

Nikiwasoma wote watatu naona kwamba wasaidizi hawakuwa watu wabaya. Walitaka mtu wao amalize kuliko yeye mwenyewe alivyotaka. Anayesindikiza ana miguu mipya, tumbo lenye chai na chapati, na akili iliyotulia, kwa hiyo ni rahisi kwake kuamua kwa niaba ya mtu mwingine kwamba bado anaweza. Ni rahisi vilevile kuamua kwamba hawezi. Maamuzi yote mawili yana utamu wa ukubwa ndani yake, na nimewaona vijana wapole wakigeuka wanajeshi mara tu wanapovaa fulana yenye maandishi mgongoni.

Sheria za riadha za leo zimejaribu kuweka ukuta. Mtu asiyekuwa mshindani haruhusiwi kumwongozea mkimbiaji mwendo. Maji huchukuliwa kwenye vituo vilivyowekwa, kila baada ya kilomita tano hivi. Anayechukua kwingine huonywa, na akirudia huondolewa. Ndiyo maana muda wa Kipchoge wa Vienna haukuhesabiwa kuwa rekodi ya dunia. Alikuwa na wakimbiaji 41 wa kupokezana kumkata upepo, gari lililochora mwanga barabarani kuonyesha mwendo, na watu wa baiskeli waliomletea chupa mkononi bila yeye kusogea hata hatua kuelekea mezani. Kila kimoja kati ya hivyo kilikuwa kimekatazwa. Waandaaji walilijua hilo na hawakulificha; walitaka kuona mwili wa binadamu unaweza nini ukipewa kila msaada. Napenda kwamba kati ya vyombo vyote vya kisasa vilivyokuwa pale, leza na hesabu za upepo, chupa ililetwa na baiskeli. Hawakupata kitu bora zaidi.

Lakini sheria hizo ziliandikwa kwa ajili ya wanaoshindania tuzo. Kule nyuma, kwa karani wetu wa kilomita ya 30, hakuna mwamuzi atakayepiga filimbi ukimpa maji. Mipaka unabaki nayo mwenyewe.

Na maji yenyewe si salama kama tunavyofikiri. Sote tumelelewa na imani kwamba mtu anayetoka jasho apewe maji, na akiwa taabani apewe zaidi. Mwaka 2002 madaktari walipima damu za wakimbiaji 488 waliomaliza marathoni ya Boston. Asilimia 13 kati yao walikuwa na upungufu wa chumvi kwenye damu, wachache kwa kiwango cha kuua, na chanzo kikubwa kilikuwa kunywa kupita kiasi. Waliokuwa hatarini zaidi ni waliokaa barabarani zaidi ya saa nne na wale walioongezeka uzito njiani. Yaani watu wa nyuma. Bingwa hana nafasi ya kunywa mengi. Anagusa chupa na kupita. Mtu wa mwisho ana muda wote duniani, anasimama kila kituo, na pembeni yake ana kijana mkarimu mwenye dumu kwenye keria anayemwambia "kunywa mama, kunywa tena". Dalili za upungufu huo wa chumvi, kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, zinafanana mno na za mtu mwenye kiu, kwa hiyo mkarimu anaongeza. Tangu nilipoyajua hayo nimekuwa bahili wa maji. Namngoja mtu aombe, na akiomba nampa pamoja na kitu chenye chumvi. Nimeitwa mchoyo kwa sababu hiyo na nimekubali.

Kuna pia suala la mahali pa kukaa. Ukitangulia, hata mita tatu, mkimbiaji aliyechoka anaanza kukufuata bila kujua; macho yake yanaganda kwenye tairi lako la nyuma, na mwendo unakuwa wako, si wake. Ukikaa nyuma yake anajisikia anafukuzwa. Ukikaa sambamba kabisa unajikuta unamtazama usoni, na hakuna mtu anayependa kutazamwa usoni akiwa katika hali hiyo. Nimezoea nusu gurudumu nyuma ya bega lake, upande wa magari. Hapo anakusikia bila kukuona, na lori likitoka nyuma linakukuta wewe kwanza. Kwenye kilima mahali hapo hapakaliki. Mwendo unashuka, usukani unaanza kucheza, na zile hesabu za mwaka 2007 zinakushukia.

Wenzangu wa mjini hutatua tatizo hilo kwa kuzunguka: wanapanda mpaka juu, wanageuka, wanashuka, wanapanda tena. Inachosha, na inamkera anayekimbia, kwani kila ukimpita kwa wepesi unamkumbusha alivyo mzito. Mimi, nikiwa pembeni ya yule karani, nilishuka. Nilishuka bila kufikiri, nikaikokota, kwa sababu ndivyo tunavyofanya Nakapanya tunapomtoa mgeni. Mgeni akiaga, mwenyeji huchukua baiskeli yake, haipandi, hutembea nayo pembeni ya mgeni mpaka penye njia panda au mkorosho fulani, mnaongea, mnaagana, kisha mwenyeji hupanda na kurudi nyumbani upesi. Baiskeli ni ya kurudia. Wakati wa kwenda, adabu inataka muwe na miguu ileile.

Nilipoanza kukokota kitu kilibadilika ambacho sikukitegemea: yule mtu alianza kuongea. Kwa kilomita zote nilizokuwa juu ya kiti alijibu "ndiyo" na "hapana". Sasa tulikuwa urefu mmoja, tunahema kilima kimoja, na akanieleza habari za mwanawe, za goti lake, za mchango wa ofisini. Waandaaji wakiuliza, nilikuwa mwendesha baiskeli wa msaada. Kwa kweli nilikuwa mtembea kwa miguu mwenye keria.

Watanzania tuna mtu wa mwisho wetu, mashuhuri kuliko washindi wengi. John Stephen Akhwari wa Mbulu, Mexico City, Oktoba 1968: alianguka kwenye msongamano, goti likateguka na kuchanika, akafungwa bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshinda kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani baada ya saa 3, dakika 25 na sekunde 27, wa 57 kati ya 57 waliomaliza, giza limeingia na watu wengi wameondoka. Jinsi alivyowajibu waandishi waliomuuliza kwa nini hakuacha imeshageuzwa kuwa somo la kila mkutano wa hamasa, kiasi kwamba mtu mwenyewe amefunikwa na jibu lake. Kinachosahaulika ni kwamba Akhwari alikuwa mkimbiaji wa kweli. Miaka miwili baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alikuwa wa tano kwenye marathoni kwa saa 2 na dakika 15. Hakwenda Mexico kuwa mfano wa uvumilivu. Alikwenda kushindana, akapatwa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaozungumza kuhusu "wakimbiaji wa nyuma" kana kwamba ni kabila. Kuwa wa mwisho ni hali inayomkuta mtu. Mwaka huu ni wewe, goti lako, tumbo lako, kiatu kipya ulichovaa bila kukizoea. Alphonce Simbu alichukua dhahabu ya dunia Tokyo, Septemba 2025, kwa tofauti ya sehemu 3 za mia za sekunde. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Kamera zilihitajika kuwatenganisha. Mbele, watu wanatenganishwa na unene wa kifua. Nyuma, kati ya mtu wa mwisho na anayemtangulia kunaweza kuwa na nusu saa ya barabara tupu, na ndani ya nusu saa hiyo hakuna kamera, na mara nyingi hakuna kitu kingine.

Nasema hakuna kitu kwa sababu nimeona mwenyewe. Mbio zetu nyingi hubomolewa kuanzia mbele. Mshindi akishavuka, viongozi wakishakabidhi hundi ile kubwa ya karatasi ngumu, mji unaanza kurudi kazini. Meza za maji zinakunjwa kabla mtu wa mwisho hajazifikia. Trafiki wanaitwa kwingine. Koni zinapakiwa. Mabasi yanaruhusiwa kupita, na konda mmoja hutoa kichwa dirishani kuuliza kama unahitaji lifti, kwa nia njema kabisa. Aliyelipa ada sawa na mshindi anajikuta anakimbia kwenye barabara ya kawaida siku ya kawaida, na ushahidi pekee kwamba mbio zinaendelea ni namba kifuani mwake na kijana mwenye baiskeli nyuma ya bega lake.

Nimewasikia waandaaji wakijitetea kwamba gharama ni kubwa. Siwabishii, maji yana bei na askari wana posho. Ila bajeti huandikwa na mtu aliyekaa penye mstari wa kumalizia, na anayekaa pale huona mbio zikiisha mara kadhaa: akimaliza wa kwanza, akimaliza mkuu wa wilaya, akimaliza mdhamini. Kama ningeulizwa, ningetaka mmoja wao apande baiskeli nyuma kabisa mara moja tu kabla ya kuandika. Wala asipewe ya gia.

Kuhusu kujitolea kwenyewe nina maneno machache na si matamu. Siku hizi neno hilo limefunika mengi, kuanzia vijana wanaofundisha shule kwa miaka bila mshahara hadi wanaogawa vipeperushi vya makampuni yenye faida. Mbio zenye mdhamini tajiri zinaweza kumnunulia kijana chakula cha mchana na tyubu moja. Hilo halipunguzi thamani ya moyo wake. Pancha nayo haijitolei.

Jambo la mwisho ni lugha. Ukiuliza njia Nakapanya, kila mahali ni "hapo tu". Tunduru mjini ni hapo tu. Mtoni ni hapo tu, ukivuka bonde. Ni upole wa kwetu, hatutaki kumvunja moyo mpita njia, na mpita njia mwenyewe akiwa mwenyeji wa kusini anajua kuzidisha. Barabarani kwenye mbio upole huo hugeuka "bado kidogo", unaotamkwa na kila mtazamaji kuanzia kilomita ya 10. Mkimbiaji aliyeambiwa "bado kidogo" na watu mia anakuwa ameacha kumwamini binadamu yeyote. Kwa hiyo nilijiwekea kanuni ya kusema namba, kamili, kama ilivyoandikwa kwenye kibao.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu wa makamo, ndiye aliyekuwa wa mwisho siku ile ya Songea. Tulikuwa tumeshaacha meza ya mwisho ya maji, ikiwa imekunjwa na kulazwa kwenye majani. Akaniuliza bila kugeuka:

"Mwanangu, bado sana?"

"Kilomita sita, mama. Na pale mbele kuna mlima."

Alisimama. Akanitazama kwa mara ya kwanza asubuhi nzima.

"Wewe umetoka wapi?"

"Nakapanya, mama. Tunduru."

"Na huko Nakapanya hamna uongo hata mdogo wa kumpa mtu mzima?"

"Upo, mama. Nimeuacha nyumbani."

Akacheka mpaka akashika kiuno, akaomba maji, akanywa mafunda mawili, akala kipande cha chungwa chenye chumvi. Nikashuka, nikaanza kukokota. Tulipofika juu alisimama tena, akanyoosha mkono kuelekea barabara ilivyokuwa inashuka kwenye bonde na kupanda upande wa pili.

"Ulisema mlima mmoja," akasema. "Ule pale unauitaje?"